Mguu wa Kuku Hauna Pasipoti

Saa kumi na moja jioni, Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Machinga wameanza kukunja turubai, mkokoteni uliosheheni mabalo ya vitenge unapasua umati huku msukumaji akipiga kelele, "Pisha! Pisha mzigo!" Mfanyabiashara wa nguo za jumla anatoka dukani. Kijana mwenye kifua kipana amemtangulia hatua mbili. Shati la kijana halikuchomekwa, na upande wa kulia wa kiuno limetuna kidogo. Wenyeji wa Kariakoo hawahitaji kuuliza kilichotuna pale. Ni bastola, mtaani wanaiita mguu wa kuku.

Wanafika kwenye gari. Mlango ukishafungwa, bosi anatoa habari: mwezi ujao anakwenda Guangzhou kuangalia mzigo, atapitia Dubai, na safari hii hataki kwenda peke yake.

"Sawa bosi," kijana anajibu. "Na chuma?"

"Tutaulizia palepale uwanja wa ndege."

Palepale uwanja wa ndege ndipo mahali pabaya kuliko pote pa kuulizia. Jibu litakuwa limeshachelewa, na likija vibaya litatolewa na askari, si na mhudumu wa kaunta. Mazungumzo ya aina hii husikika siku hizi kwenye magari ya wafanyabiashara, kwenye ofisi za mameneja wa wasanii wa Bongo Fleva, na kwa wanaowasindikiza wachezaji na viongozi wa dini wanaoalikwa nje. Watu wanasafiri na walinzi wao. Tatizo ni kwamba mlinzi ana pasipoti na viza, lakini bastola haina. Leseni iliyotolewa Dar es Salaam inaishia mpakani, iwe mpaka huo ni Namanga, Tunduma au mlango wa ndege pale Terminal 3 ya uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, JNIA.

Kabla ya kufika mpakani, kuna jambo la nyumbani ambalo wengi hulikosea. Tanzania inaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Leseni chini ya sheria hiyo ni ya mtu fulani na ya silaha fulani yenye namba yake. Haiazimwi kama ufunguo wa gari. Bosi mwenye leseni hana ruhusa ya kumpachika kijana wake bastola kiunoni, hata kwa ile nusu saa ya kupeleka fedha benki. Kama mlinzi hana leseni yake mwenyewe, au hayuko chini ya kampuni ya ulinzi inayomiliki silaha hiyo kihalali, siku polisi watakapowasimamisha Mtaa wa Lumumba watakuwa na kesi wote wawili. Kijana yule mwenye shati lililotuna, kwa hiyo, ana swali la kujibu hapahapa kabla ya kuwaza Guangzhou: hiki chuma ni cha nani?

Swali hilo si la kinadharia. Afrika Kusini, mwanasiasa Julius Malema alipigwa picha za video akifyatua bunduki jukwaani kwenye sherehe ya chama chake mwaka 2018. Mlinzi aliyedaiwa kumpa bunduki hiyo alishtakiwa pamoja naye. Hukumu ilipotoka Oktoba 2025, Malema alipatikana na hatia na mlinzi akaachiwa huru, lakini ni baada ya miaka ya kusimama kizimbani. Mlinzi anayeulizwa na bosi wake, tena mbele ya watu wanaoshangilia, "Hebu nipe nione," ajue kwamba jibu la heshima ni "Hapana, bosi." Na bosi mwenye busara hatamuuliza.

Sasa safari yenyewe. Wapo wanaodhani kwamba mtu akiwa mkubwa vya kutosha, sheria za nchi nyingine humpisha kama mkokoteni unavyopishwa Mtaa wa Kongo. Habari za Warszawa zingewasaidia. Juni 2023, Rais Cyril Ramaphosa wa Afrika Kusini alikwenda Ukraine na Urusi pamoja na viongozi wengine wa Afrika kutafuta amani. Walinzi wake na waandishi wa habari, watu wapatao 120, walisafiri kwa ndege nyingine. Ilipotua Warszawa tarehe 15, mamlaka za Poland zilisema silaha zilizokuwamo hazikuwa na ruhusa ya kuingia nchini humo. Mkuu wa ulinzi wa rais, Meja Jenerali Wally Rhoode, alilalamika mbele ya waandishi kwamba walikuwa na nakala za vibali lakini walitakiwa waonyeshe hati halisi. Wakakaa uwanjani zaidi ya saa 24. Rais wao akapanda treni kwenda Kyiv, nchi iliyo vitani, akiwa na walinzi wachache tu, na kikosi kile hakikufika.

Yule ni rais wa nchi, na nyuma yake ana wizara ya mambo ya nje, balozi na jeshi. Ikiwa nakala badala ya hati halisi ilitosha kumtenganisha na walinzi wake, mfanyabiashara wa vitenge asitegemee maneno matamu ya kwenye kaunta.

Kwa walinzi wa serikali utaratibu unajulikana. Nchi inayotuma hupeleka maombi kwa njia ya kidiplomasia mapema, ikitaja jina la kila mlinzi, aina ya kila silaha, namba yake na idadi ya risasi. Nchi mwenyeji ndiyo inayoamua: inaweza kukubali zote, kupunguza, au kusema walinzi wake watafanya kazi hiyo. Marekani ilipomleta Barack Obama Dar es Salaam tarehe 1 Julai 2013, ziara iliyoacha jina lake kwenye barabara ya iliyokuwa Ocean Road, gazeti la Washington Post lilikuwa limekwisha kuandika kwamba safari ile ya Afrika ilihitaji magari 56 ya msafara yaliyobebwa kwa ndege. Dola kubwa inaweza kufanya hivyo kwa sababu imekubaliana na mwenyeji wake miezi kabla. Hata kinga ya kidiplomasia haibadilishi hilo. Mkataba wa Vienna wa 1961 unamlinda mwanadiplomasia asikamatwe, na papo hapo unamtaka aheshimu sheria za nchi aliyomo. Haukumpa bastola. London iliona matokeo ya kusahau hilo tarehe 17 Aprili 1984, risasi zilipotoka ndani ya ofisi ya ubalozi wa Libya na kumuua askari polisi Yvonne Fletcher. Uingereza ikavunja uhusiano na Libya. Na Mei 2017 walinzi wa Rais Recep Tayyip Erdoğan wa Uturuki walipowapiga waandamanaji Washington, Marekani iliwafungulia mashtaka maofisa wa usalama 15, na baadaye biashara ya bastola za Sig Sauer zilizokuwa ziuzwe kwa kikosi hichohicho ikasitishwa.

Mlinzi binafsi hana hata mlango huo wa kidiplomasia. Yeye ni msafiri wa kawaida mwenye mabega mapana.

Achukuliwe bosi anayekwenda London, labda kumpeleka mwanawe chuo au kumsindikiza msanii kwenye onyesho. Uingereza ilipiga marufuku bastola kwa raia mwaka 1997, baada ya mauaji ya watoto wa shule ya Dunblane, Scotland, Machi 1996. Mlinzi binafsi pale hana silaha, awe Mwingereza au mgeni, awe analinda mfanyabiashara au mfalme wa muziki. Mfano ulio wazi kuliko wote ni wa Prince Harry. Alipojiondoa kwenye majukumu ya kifalme mwaka 2020, serikali ilipunguza ulinzi wake wa polisi. Fedha za kuajiri walinzi anazo, na alikuwa tayari hata kuwalipa polisi mwenyewe. Alikwenda mahakamani, akashindwa Mahakama Kuu Februari 2024 na Mahakama ya Rufaa Mei 2025. Sehemu ya kilio chake ilikuwa kwamba walinzi wa kukodi hawawezi kuziba nafasi ya polisi, na Uingereza walinzi hao hawabebi silaha. Mtoto wa mfalme amegonga ukuta huo. Kijana kutoka Mchikichini aendapo asijaribu kuupanda.

Tena Waingereza hawaishii kwenye bastola. Kikopo cha dawa ya pilipili, kinachonunuliwa kirahisi nchi nyingine na kutupwa kwenye mkoba wa mama, kwao ni silaha iliyopigwa marufuku na sheria ya bunduki yenyewe. Shoti ya umeme vivyo hivyo.

China, anakokwenda bosi wetu, ina sheria ya udhibiti wa bunduki ya 1996 inayowanyima raia silaha karibu kabisa. Watanzania wanaozunguka masoko ya Guangzhou wanajua hali ya pale: kamera kila kona, pasipoti inaangaliwa hotelini, polisi wanaingia kukagua viza. Mlinzi wa Kitanzania atakayekwenda pale kazi yake itakuwa macho, lugha na saa. Bora mlinzi anayejua maneno hamsini ya Kichina kuliko anayejua kufungua na kufunga bastola gizani.

Dubai ndiyo inayowakamata wengi kwa sababu wanaiona kama njia tu. Wanasema: "Sisi tunabadilisha ndege, hatuingii mjini." Lakini sheria za Umoja wa Falme za Kiarabu zinamhusu hata anayepita. Risasi, sehemu za silaha, fulana ya kuzuia risasi, pingu, na hata redio za mawasiliano wanazopenda walinzi kuning'iniza begani zinahitaji kibali kabla ya kufika. Shughuli ya ulinzi yenyewe pale inasimamiwa na mamlaka iitwayo SIRA, na asiyesajiliwa hafanyi kazi hiyo hata mikono mitupu. Kwa hiyo mlinzi asome tiketi yote, si mwanzo na mwisho. Dar–Doha–London ni nchi tatu. Dar–Addis–Johannesburg ni nchi tatu pia.

Johannesburg ni habari nyingine. Afrika Kusini walinzi binafsi wenye bastola ni wengi, na hapo ndipo mgeni hudanganyika: anaona wenzake wanazo, anadhani naye ataruhusiwa. Wale wamesajiliwa na mamlaka ya ulinzi binafsi, PSIRA, na silaha zao zina leseni chini ya sheria ya mwaka 2000. Fomu iitwayo SAP 520, inayomruhusu mgeni kuingia na bunduki kwa muda, hutumiwa zaidi na wawindaji na walenga shabaha. Mtu asijiandike mwindaji wakati anakwenda kulinda tajiri Sandton. Huo ni uongo kwenye hati ya polisi, na nyumba ya wageni ya Sandton haina swala.

Marekani ndiyo inayowashangaza watu zaidi, kwa kuwa sinema zimewafundisha kwamba kila mtu kule anatembea na bunduki. Sheria ya shirikisho inamkataza mgeni mwenye viza ya matembezi au biashara kushika silaha au risasi, isipokuwa kwa makundi machache kama mwenye leseni ya uwindaji au mwakilishi rasmi wa serikali ya nje aliye kazini. Kwa maneno ya Kariakoo: bodigadi wa msanii aliyeingia kwa viza ya kawaida akiazimwa bastola na rafiki yake wa Houston, hata kama Texas wenyewe hawaoni tabu, amevunja sheria ya nchi nzima. Hata Wamarekani wenyewe hunaswa na mipaka yao ya ndani. Mchezaji wa futiboli ya Kimarekani Plaxico Burress, aliyekuwa na kibali cha Florida kilichokwisha muda, aliingia klabu ya usiku New York Novemba 2008 na bastola kwenye suruali. Ikateleza, akaishika, ikalia, akajipiga paja. New York hawakutambua kibali cha Florida hata kama kingekuwa hai. Alihukumiwa kifungo cha miaka miwili.

Na majirani? Pasipoti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inamvusha mtu Namanga kirahisi, na hilo huwapa watu mawazo. Itifaki ya Nairobi ya 2004, ambayo Tanzania, Kenya, Uganda na wenzao wa Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika waliisaini, ilikuja kwa ajili ya kubana silaha ndogo zisivuke ovyo, na inazitaka nchi zisiwaruhusu raia kumiliki bunduki za rasharasha. Kenya ina bodi yake ya leseni za silaha. Karatasi ya Dar haisomeki Nairobi mpaka Nairobi yenyewe iandike ya kwake.

Sasa jambo dogo linaloangusha watu wengi kuliko bastola yenyewe: risasi moja iliyosahauliwa.

Mlinzi hubeba begi lilelile. Leo linakwenda kulenga shabaha, kesho linakwenda safari. Risasi huzama kwenye kona ya mfuko, chini ya kitambaa cha ndani, ikakaa humo mwaka. Mwaka 2024 watalii kadhaa wa Kimarekani walikamatwa visiwa vya Turks na Caicos kwa risasi walizosema walizisahau kwenye mizigo. Sheria ya kule ilikuwa na kifungo cha chini cha miaka 12. Mahakama iliwahurumia kwa kuona mazingira ya kipekee, ikawapa vifungo vya nje na faini, lakini ni baada ya wiki na miezi ya kukwama kisiwani mbali na watoto wao. Wao walikuwa na wabunge wa Marekani wa kuwapigania. Kijana wa Kariakoo atakuwa na simu yenye chaji asilimia kumi.

Dawa yake ni rahisi na inachosha. Mlinzi anunue begi la safari ambalo halijawahi kukaribia silaha, basi. Kama hana uwezo huo, aligeuze begi la zamani ndani nje juu ya shuka jeupe, afungue kila zipu, apapase kila mshono kwa vidole, kisha amwombe mtu mwingine arudie. Jaketi nalo hivyo hivyo. Mkanda wenye mfuko wa bastola ubaki nyumbani, kwa maana mfuko mtupu nao huzua maswali ambayo hayana jibu fupi. Maganda ya risasi yaliyogeuzwa kishikio cha funguo, yale mapambo ya vijana, yabaki pia. Kwa wachache wenye vibali halali, kama wawindaji, mashirika ya ndege kwa kawaida hukubali risasi zisizozidi kilo 5 kwa abiria, kwenye mzigo wa chini, zikiwa kwenye kasha lake, silaha ikiwa tupu, na shirika likiwa limearifiwa kabla. Si jambo la kutangazwa kwenye kaunta foleni ikiwa ndefu.

Basi mlinzi akavuka mipaka mikono mitupu. Bosi atauliza: namlipa nini?

Jibu linapatikana Kariakoo yenyewe. Jina la mahali hapa limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza wa Vita Kuu ya Kwanza, watu waliobeba mizigo kupita katikati ya vita bila bunduki mkononi. Hiyo ni historia. Kilicho hai ni umati. Mtu aingie Mtaa wa Kongo au wa Msimbazi mkesha wa Idi akiwa na bastola kiunoni na ajiulize ataifyatulia wapi. Mbele kuna mama na mtoto, nyuma muuza soksi, kushoto bodaboda, kulia ukuta wa zege unaorudisha risasi. Silaha pale ni mzigo, na mara nyingine ni zawadi kwa adui. Dar es Salaam ililiona hilo tarehe 25 Agosti 2021 karibu na Daraja la Salenda, mtu mmoja alipowashambulia askari kwa bastola, akachukua bunduki zao, na kabla hajauawa mbele ya ubalozi wa Ufaransa, askari watatu na mlinzi mmoja wa kampuni binafsi walikuwa wamepoteza maisha. Waliokuwa na bunduki ndio waliotangulia kupigwa.

Mlinzi mzuri wa Kariakoo anayajua haya bila kufundishwa darasani. Hutembea nusu hatua mbele ya bega la bosi, si mgongoni. Mkono wa karibu na bosi unabaki mtupu. Kama kuna mfuko wa kubeba, anabeba mwingine. Anaangalia mikono ya watu kabla ya nyuso zao. Anajua duka lipi lina mlango wa nyuma unaotokea Mtaa wa Sikukuu, na mwenye duka anaitwaje. Umati ukisimama ghafla, yeye hasimami. Anamgeuza bosi kwa kiwiko na kurudi walikotoka kabla hajajua kilichotokea. Huo ndio ujuzi unaosafiri. London, Guangzhou, Dubai, hakuna askari wa forodha atakayeukamata.

Kisa cha Mohammed Dewji kinafaa kusomwa upya kwa jicho hilo. Alfajiri ya tarehe 11 Oktoba 2018 tajiri huyo alikwenda mazoezini kwenye hoteli ya Colosseum, Oysterbay, kama ilivyokuwa desturi yake, akiendesha gari mwenyewe, bila mlinzi. Watu wenye silaha wakamteka. Familia ilitangaza zawadi ya shilingi bilioni 1. Tarehe 20 akapatikana akiwa hai kwenye viwanja vya Gymkhana, katikati ya jiji. Gumzo la vijiweni lilikuwa moja: angekuwa na bodigadi mwenye bastola! Labda. Lakini watekaji walikuwa na silaha nao, na walikuwa na kitu bora zaidi: walijua saa na mlango. Mlinzi asiye na kitu mkononi, lakini aliyembadilishia bosi saa ya mazoezi kila wiki na kutangulia dakika kumi kuangalia magari yaliyoegeshwa, angewapa kazi ngumu kuliko bastola moja gizani.

Hivyo, safari ya nje inaanza na kazi ya kutangulia. Fedha ikiruhusu, mlinzi aende siku mbili kabla ya bosi. Isiporuhusu, afanye kwa simu na ramani. Hotelini kipatikane chumba cha ghorofa ya kati, si chini kabisa wala juu mno. Njia mbili za kwenda mkutanoni. Hospitali iliyo karibu, na namba za dharura zilizokaririwa, si zilizohifadhiwa kwenye simu inayoweza kuibwa: 999 kwa London na Dubai, 110 kwa polisi wa China, 911 Marekani, 10111 Afrika Kusini. Anwani ya ubalozi wa Tanzania. Mafunzo ya huduma ya kwanza, hasa kuzuia damu, yana thamani kuliko kozi ya kulenga shabaha. Bosi ana uwezekano mkubwa wa kuanguka kwa presha hotelini kuliko kupigwa risasi.

Pale ambapo hatari ni ya kweli na silaha inahitajika, zikodishwe za wenyeji, pamoja na wenyeji wanaozibeba. Hapo tahadhari ni moja: usimkodi "jamaa anayejuana na polisi". Uingereza kila mlinzi wa watu wa kukodi lazima awe na leseni ya SIA, mamlaka ya leseni za ulinzi ya huko, ya kazi hiyohiyo ya ulinzi wa watu. Leseni ya baunsa wa mlangoni haitoshi, na namba yake inaangaliwa kwenye daftari lililo wazi mtandaoni. Afrika Kusini iombwe namba ya PSIRA ya mtu na ya kampuni. Mkataba useme nani anatoa amri, nani anamgusa bosi, na nini kitatokea silaha ikifyatuliwa. Mlinzi wa Dar anabaki kuwa sauti ya bosi na macho yanayomjua. Mwenyeji anashika chuma na kuwajibika nacho mbele ya sheria za kwao.

Kuna suala la malipo pia, ambalo wenye fedha huliruka. Mei 2023 waziri wa Uganda Charles Engola aliuawa nyumbani kwake Kampala, na aliyempiga risasi ni mlinzi wake mwenyewe, mwanajeshi. Habari za siku ile zilijaa manung'uniko ya mshahara. Anayekaa hatua moja kutoka kwenye mgongo wako alipwe kwa wakati, na safarini apewe posho yake mkononi, asije akala mkate mtupu Guangzhou huku bosi akiagiza kamba.

Upande wa pili wa sarafu ni wageni wanaokuja kwetu. Promota wa Dar anayemleta msanii kutoka Lagos au Atlanta hupokea orodha ya masharti: maji ya aina fulani, taulo nyeupe, walinzi wanne "wenye silaha". Sharti hilo la mwisho asilikubali kwenye mkataba kimyakimya. Mlinzi wa kigeni haingii Tanzania na bastola kwa sababu tu jina lake limeandikwa kwenye mkataba wa onyesho. Kuingiza, kutoa au hata kupitisha silaha kunahitaji kibali chini ya sheria ya 2015. Promota aandike barua mapema kwa Jeshi la Polisi aombe askari, na amweleze meneja wa msanii kwa maandishi kwamba walinzi wao watafika mikono mitupu. Ni bora meneja anune wiki mbili kabla kuliko msafara kukwama JNIA usiku wa onyesho huku watu wakiwa wamejaa uwanjani.

Limebaki swali la kijana wa Mtaa wa Kongo: chuma kitakaa wapi? Kisiachwe kabatini kwa shemeji. Kisifichwe chini ya siti ya gari lililoegeshwa uwanja wa ndege wiki mbili. Mwenye leseni, na ni yeye tu, aende kwenye kituo chake cha polisi, kwa watu wa hapa mara nyingi ni Msimbazi, aulize utaratibu wa kuihifadhi na aondoke na hati yenye namba ya silaha na idadi ya risasi. Akirudi, kabla ya kusaini aisome namba kwenye chuma kwa sauti, ailinganishe na leseni, kisha azimwage risasi juu ya kaunta na kuzihesabu moja moja mbele ya askari.